Mtaalamu wa Mizigo Inayonuka

Cheo cha mzaha, jasho la kweli. Mmeisikia leo ikisemwa, mkacheka, kisha mkataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianzia Mwanza, katika ghala la vifurushi nyuma ya stendi ya mabasi.

Alikuwapo pale mpakiaji mmoja, Ngasa, mtu wa maneno mengi. Hamu yake ilikuwa moja tu: afundishwe kuendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, mgongo wake upumue. Siku moja likabandikwa mlangoni tangazo la kazi. Anatakiwa mpakiaji mwenye stashahada, uzoefu wa miaka mingi na Kiingereza fasaha. Wapakiaji walicheka hadi wakashika mbavu.

“Kiingereza cha kuongea na maboksi?” akauliza Kabula, mwenzake Ngasa. “Basi mimi nina shahada ya kubeba friji.”

“Mimi ni mtaalamu wa mizigo inayonuka,” akasema Ngasa. “Nikiinusa tu, najua hata tabia ya mwenyewe.”

Msimamizi wao, Bi. Nyamizi, alikuwa nyuma yao. Hakucheka. Alimtazama Ngasa, akapita.

Kesho yake kikaja kifurushi cha samaki kilichoshinda juani. “Mpelekeeni mtaalamu,” akasema Bi. Nyamizi. Ngasa alicheka, akakifungua, akasafisha, akafunga upya. Ikafuata ndoo ya maziwa ya mgando iliyopasuka, kisha ngozi za mbuzi ambazo hazijakauka. Kila penye harufu aliitwa yeye. Kicheko kikamwishia. Nyumbani mkewe alimtengea kiti uani, na saa ya chai wenzake walihamia benchi la mbali.

“Jamani, nimeoga,” aliwaambia. Hakuna aliyerudi.

Hatimaye yakatangazwa mafunzo ya foklifti. Aliyechaguliwa ni Kabula. Ngasa alikwenda moja kwa moja kwa Bi. Nyamizi.

“Mama, Kabula mimi ndiye niliyempokea hapa. Mbona mimi nimeachwa?”

“Nikikutoa, ile mizigo nimpe nani?”

“Lakini mama, ule ulikuwa utani.”

“Wewe ulitania, Ngasa. Mizigo haitanii. Na tangu uishike, hakuna mteja aliyekuja kunipigia kelele.”

 Huko nyuma sauti ikaita, “Mtaalamu, kuna gunia linavuja huku.” Ngasa akavaa glavu, akaenda, akisonya njia nzima.

Siku chache baadaye waliajiriwa wapakiaji wapya. Mmoja wao, bwana mwenye ndevu na tumbo la kutosha, akaanza kujitapa mbele ya wenzake. “Mimi hapa mnaponiona ni profesa wa…”

Hakumaliza. Ngasa alikwisha kumziba mdomo kwa glavu yake yenye shombo.

“Nyamaza, ndugu yangu,” akamwambia kwa uchovu. “Bi. Nyamizi yuko nyuma yako. Cheo cha mzaha, jasho la kweli.”