Malipo Tutaelewana

Alikuwepo mtu mmoja, jina lake Ambakisye, aliyerithi mashine ya kusaga pamoja na mdogo wake, Lugano. Lugano ndiye aliyeisimamia. Kila mwisho wa mwezi hela zilikuwa pungufu kuliko mahindi yaliyosagwa, na Ambakisye akaweka moyoni kwamba mdogo wake anamwibia. Miaka mitatu hawakula sahani moja.

Basi akamwita mhasibu, Bi Sekela, apekue madaftari na risiti zote. Bei hawakutaja. Alimwambia tu afanye kazi kwanza, malipo wataelewana. Si ndivyo tulivyo? Tunaona haya kutaja bei mapema, halafu hatuoni haya kudhulumu baadaye.

Bi Sekela aliacha kazi zake nyingine, akakaa na madaftari yale miezi miwili. Akagundua kwamba wateja wasio na hela waliacha mahindi badala ya malipo, na mahindi hayo yalipelekwa nyumbani kwa Ambakisye mwenyewe. Miaka yote hiyo alikula ugali wake asiulize umetoka wapi. Lugano hakuwa amegusa hata senti. Ambakisye alilia, akaenda kumwomba mdogo wake radhi, wakapatana.

Lakini Bi Sekela alipodai laki nane, Ambakisye alichanganyikiwa kabisa. Laki nane za nini? Mwizi hakupatikana, na hela haikurudi hata shilingi. Akamtolea elfu hamsini, akaona amemfadhili. Mama wa watu hakubishana naye, akaenda mahakamani.

Mbele ya hakimu, Ambakisye alijieleza mpaka akapotea katika maelezo yake mwenyewe. Alikiri kwamba kazi imefanyika, tena vizuri, ila haikuzaa kitu. Hakimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: kama mhasibu angekuta Lugano ni mwizi kweli, angemlipa kiasi gani?

"Hata milioni, mheshimiwa," akajibu papo hapo.

Hakimu akaamuru laki nane zilipwe zote. Ambakisye akatoka nje akijikuna kichwa, asielewe ni wapi hasa aliposhindwa, maana hakusema uongo hata mara moja.

Nami nakuuliza wewe unayemcheka: kwa nini ubaya wa ndugu yako uko tayari kuununua kwa milioni, na wema wake unautaka bure?