Kiboko Alivyopigiwa Taa

"Hadithi iko barabarani."
Isimamishe.
"Ina kofia?"
Inayo.
"Ina breki?"
Haina.
"Basi shikaneni viuno, tunaondoka."

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana lami ilikuwa imeshafika, palikuwa na Nguchiro. Mnamjua Nguchiro: mwembamba kama ufagio wa mwaka jana, pua mbele, mkia nyuma, maneno kila mahali. Nguchiro huyu alikuwa na pikipiki. Nikisema pikipiki simaanishi hizo za kubebea mkaa mnazopanda ninyi watatu watatu. Nasema pikipiki ya mbio, nyekundu, tangi limetuna kama kifua cha jogoo. Ukiiwasha tu, kuku wanasahau walikokuwa wanakwenda. Nyiiiing.

Aliipataje? Alilinda mayai ya Kanga misimu miwili. Ndiyo, Nguchiro alinde mayai. Chekeni, lakini hakuonja hata moja. Usiku mate yanamjaa, anameza. Mchana mate yanamjaa, anameza. Msimu wa pili ulipokwisha, Kanga akampa pikipiki, akamwambia, "Mwanangu, chukua. Ulikuwa na njaa na hukunilia wanangu." Kwa hiyo mbele huko mkisikia pikipiki inataka kuchukuliwa, mjue si chuma kinachochukuliwa. Ni mayai yote yale ambayo hakuyala.

Sasa, chini ya mlima, pale barabara inapokaribia mto, palikuwa na kibao cha hamsini. Na penye kibao palikuwa na Kiboko. Kiboko alikuwa trafiki. Sare yake nyeupe ilishonwa kwa mashuka, na fundi aliyeishona akaacha ushonaji, akaenda kulima. Kiboko alikuwa na sheria zake. Ukipita na matikiti, kosa lako ni matikiti. Ukipita na mahindi, kosa lako ni mahindi. Ukipita mikono mitupu, utasimama juani mpaka ukumbuke kwamba una shangazi mwenye shamba.

Vichakani alikaa Kinyonga, na Kinyonga ndiye aliyekuwa tochi. Ninyi mnaijua tochi ya kutafutia kandambili chini ya kitanda. Hii ni ile ya trafiki, ya kupimia mwendo. Jicho moja la Kinyonga linatazama chombo kinavyokuja, jicho la pili linahesabu kinavyokimbia. Ukizidisha hamsini, picha yako inatokea mgongoni mwake, wewe na chombo chako na meno yako, na haifutiki mpaka kesi isikilizwe. Kila siku Kinyonga alihama kichaka, kwa amri ya Kiboko mwenyewe.

"Kichaka chako usimwambie mtu," Kiboko alimwagiza. "Hata mimi usiniambie, maana nikishiba huwa naropoka. Na atakayezidisha mpige, hata awe mama yangu."

"Sawa, Afande," alisema Kinyonga. Na Kinyonga akisema sawa, imekwisha hiyo.

Wenye vyombo nao walikuwa na dawa yao. Ukishampita Kinyonga, ukakutana na mtu anayeelekea huko, unampigia taa: chwi, chwi. Maana yake, ndugu yangu, punguza, wamejificha mbele. Humjui, hakujui, lakini unampigia. Kila mwenye usukani aliielewa taa hiyo. Trafiki peke yake hakuielewa. Trafiki nani atampigia?

Siku hiyo Nguchiro akashuka mlima polepole, nyi, nyi, nyi, kama aliyebeba uji wa moto. Kiboko akanyoosha mkono. Kabla Nguchiro hajaweka mguu chini, Kiboko ameshachomoa ufunguo: chwap.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Leseni?"

"Hii hapa."

"Kofia?"

"Kichwani."

"Taa?"

"Zinawaka."

"Breki?"

"Zinashika."

Kiboko akaizunguka pikipiki. Akaizunguka tena. Akalipapasa tangi taratibu, kama mtu anayepapasa papai kuona limeivia wapi.

"Kinyonga," akaita. "Huyu kaja na ngapi?"

Kichaka kikajibu, "Arobaini, Afande."

"Umesikia?" alisema Kiboko. "Pikipiki ya mbio inatembea arobaini. Unadanganya watu barabarani. Hilo ni kosa."

"Sasa Afande, nikikimbia ni kosa, nikitembea ni kosa?"

"Naona umeanza kuielewa sheria. Pikipiki inalala kituoni. Lete toroli la matikiti uje uichukue. Ikifika Jumamosi, siku ya gulio, bado iko hapa, inakuwa mali ya kituo."

"Na kituo ni nani?"

"Unamtazama."

Nguchiro akaenda, akasukuma toroli la matikiti, kwiu, kwiu, kwiu. Kiboko akayala, kwachu, kwachu, kwachu. Akajifuta mdomo.

"Haya yalikuwa ya kufungulia geti. Bado ya ufunguo."

Nguchiro akaenda, akasukuma toroli la mahindi mabichi, kwiu, kwiu, kwiu. Kiboko akayala, kwachu, kwachu, kwachu, pamoja na mabua yake.

"Haya yalikuwa ya ufunguo. Bado ya maegesho. Pikipiki yako imelala hapa muda mrefu."

"Imelala kwa sababu yako, Afande."

"Na kunijibu pia ni kosa."

Mwingine hapo angelia. Mimi silii, ulizeni mtaani kwetu. Nguchiro naye hakulia. Alikaa juu ya toroli lake tupu, akatazama. Akamwona Kiboko, akidhani haonekani, ameisogelea pikipiki, amekunja midomo, anasema peke yake chinichini: "Nyiiing. Nyiiing."

Nguchiro akasema moyoni, kumbe.

Jumamosi asubuhi akaja mikono mitupu.

"Toroli liko wapi?" Kiboko aliuliza.

"Nimeshindwa, Afande. Pikipiki ni yako. Nimekuja tu kukuonyesha inavyopandwa, usije ukachekwa gulioni."

"Nani wa kunicheka?"

"Watu na midomo yao. Wanasema Kiboko kusimamisha vyombo anajua, kupanda hajui. Mimi nimekataa. Nimewaambia Afande anajua, ila hajapata chombo cha hadhi yake."

Kiboko akainua kidevu. Pua zikafunguka, zikafumba.

"Hilo la hadhi umelisema vizuri," akasema.

"Mimi nasema ninachokiona, baba."

Wakaisukuma pikipiki mpaka juu ya mlima. Yaani Nguchiro alisukuma, Kiboko alisimamia. Huko juu Nguchiro akamtazama kuanzia kola mpaka viatu, akatikisa kichwa.

"Afande, sare nyeupe itachafuka. Mpanda mbio huvaa jeusi."

Akachomoa vitu alivyoficha nyuma ya mti tangu usiku, akamvika turubai jeusi la kufunikia mahindi, akalifunga kamba tumboni. Kofia ngumu ya kumtosha haikuwepo nchi nzima, akamvika sufuria la kupikia pilau ya harusi. Ukimwona kwa mbali ungesema ni kijana wa mjini ambaye kwao wanakula.

Kiboko akapanda. Pikipiki ikasema ngiii, ikashuka mpaka ikakaribia kubusu lami. Nguchiro akarukia nyuma, akajibana kama kupe. Akamwonyesha gia, akamwonyesha mafuta. Breki alimwonyesha pia, ila upesi upesi.

Wakaanza kuteremka. Nyiii. Mara akatokea Nyumbu na lori la vitunguu, anapanda mlima. Akaona mpanda pikipiki mwenzetu anashuka bila habari, akamhurumia, akampigia taa: chwi, chwi.

"Huyo anataka nini?" Kiboko aliuliza.

"Anakusalimu, Afande. Anasema umependeza, ongeza."

Kiboko akaongeza. Nyiiing. Mara akatokea Swala na bajaji. Chwi, chwi.

"Na huyo?"

"Anakusalimu, Afande. Anasema umependeza, ongeza."

Kiboko akaongeza. Nyiiiing. Mara akatokea Kobe na trekta. Kobe ana roho nzuri kuliko wote. Alipiga taa, akapunga mkono, akaonyesha na vichaka kwa kidole.

"Na huyu wa trekta? Anaonyesha nini kule?"

"Anakuonyesha waliojipanga kukutazama. Wamekosa nafasi, wako mpaka vichakani. Ongeza wakuone."

Kiboko akanyoosha mgongo. Kisha sauti yake ikatoka ndani ya sufuria, laini, hujawahi kuisikia.

"Miaka yote niko barabara hii, Nguchiro, hakuna aliyewahi kunisalimu hivi."

"Walikuwa hawajakujua, baba."

Kiboko akafungua mafuta yote. Na mafuta yenyewe yalikuwa ya heshima tu, uzito wake ulitosha. Nyiiiiiiing. Kibao cha hamsini kikapita kama nzi. Kichaka kimoja pembeni kikasema "cha", taratibu, bila ugomvi na mtu.

Sasa siku za gulio Mzee Tembo, mkuu wa barabara zote, hupita kukagua. Alikuta kizuizi cha Kiboko, pale kando ya gulio, hakina mtu, akasimama mwenyewe. Akaona turubai linakuja. Akanyoosha mkonga. Kiboko akatafuta breki, akapata honi. Akatafuta tena, akapata taa. Nguchiro akapenyeza mguu wake mwembamba chini ya ule mguu mnene, akakanyaga. Skriiiii. Wakasimama mbele ya magoti ya Mzee Tembo, na Mzee Tembo akachomoa ufunguo: chwap.

"Leseni?"

Sufuria likageuka kushoto, likageuka kulia.

"Nimeuliza leseni."

"Mzee wangu," sufuria likasema, "mimi ndiye huwa nauliza."

Mzee Tembo akalivua lile sufuria kwa mkonga. Gulio lote likageuka kutazama. Hata mbuzi walioletwa kuuzwa wakaacha kutafuna.

Ndipo Kinyonga akatoka kichakani. Mguu mmoja, anafikiri. Mguu wa pili, anafikiri. Watu wakasubiri, maana Kinyonga hasukumwi. Alipofika akageuka, akawapa mgongo. Mgongoni palikuwa na Kiboko, turubai linapepea, meno yote nje, anacheka kama bwana harusi. Nyuma yake Nguchiro, kama kupe. Na pembeni, kwa rangi ya njano, mia na kumi.

"Kinyonga mwanangu," Kiboko alinong'ona, "badilisha rangi."

"Rangi nitabadilisha, Afande. Picha siwezi. Na uliniagiza mwenyewe, hata awe mama yako."

Mzee Tembo akapunga masikio, mara moja tu. "Sasa nauliza. Pikipiki hii ni ya nani?"

Hapo Nguchiro akakumbuka neno lake. Asubuhi ile kinywa chake mwenyewe ndicho kilichosema pikipiki ni yako. Kiboko akitamka "yangu, nimepewa", basi misimu miwili ya kumeza mate imekwenda na maji. Na Kiboko alishafungua mdomo, mdomo ule mnaoujua, na "yangu" imeshafika kwenye meno ya mbele.

Nguchiro akamwahi. Akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Ni ya Afande, Mzee. Mimi sina ubishi. Aliichukua kwangu akiwa kazini, na sare yake, tukawa tunaelewana kwa matikiti. Baadaye tukaelewana kwa mahindi. Ni yake kabisa, wote waliokuwa wakipita ni mashahidi."

"Matikiti gani?" aliuliza Mzee Tembo.

"Si yangu," Kiboko alisema haraka. "Mzee, huyu mtoto anatania. Pikipiki si yangu."

"Ni yake, Mzee," Nguchiro alisema. "Asione aibu."

"Nimesema si yangu. Ni yake yeye, jina lake liko kwenye kadi. Mimi nilikuwa naikagua tu. Mpe ufunguo wake aende, Mzee, nakuomba, mpe aende."

"Gulio limesikia?"

"Limesikia," gulio likajibu, na sauti ya Nyumbu wa vitunguu ilikuwa juu kuliko zote, maana alikuwa amegeuza lori lake makusudi aje kuona.

Nguchiro akapokea ufunguo wake kwa mikono miwili, akasema asante Mzee, asante Afande. Akaupapasa kwanza, kama yai.

Kiboko hakufukuzwa kazi. Mzee Tembo ana huruma. Alimvua ile sare, mashuka yakarudishwa kwa wenyewe, akamhamishia mtoni akaongoze samaki. Mpaka leo ukipita darajani utamwona: mwili wote majini, macho na masikio juu, anawatazama kambare, anawatazama perege, anatafuta nani kazidisha. Akimwona mkosaji anafungua mdomo mpana kumsimamisha. Maji yanaingia. Anafumba.

Sasa funzo, maana mtasema huyu shule aliikimbia ndiyo maana hadithi zake hazina funzo. Ninalo. Watoto, msiseme uongo. Wakubwa walishasema njia ya mwongo ni fupi, na walisema kweli, kwani Nguchiro siku ile alifika kwao wali ukiwa bado wa moto. Na ukiwa barabarani, mtu usiyemjua akikupigia taa, ni salamu tu. Ongeza.

Hadithi yangu imefika gereji. Mlioiona tamu, pakieni mwende nayo. Mlioiona chungu, niachieni hapa, nitawauzia watu wa mtaa wa pili. Wale hawajui tamu wala chungu.