Mtoto Aliyeitwa Jalala

Acha kukenua meno. Unadhani karani wa sensa alikuwa amelewa alipoandika kwamba katika nchi ile ndogo ya magharibi, iliyolala kando ya mto wake kama ukanda, kuna wanaume wazima na ndevu zao wanaoitwa Jalala na Hatakiwi? Hakulewa. Sikiliza kwanza, utabisha baadaye.

Zamani majina hayo hayakuwako. Mtoto akifikisha siku ya nane alinyolewa, na mpiga ngoma akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akalitangaza jina lake ng'ambo hii na ng'ambo ile, pamoja na sifa zake zote. Mauti alikuwa kipofu, lakini masikio anayo. Aliketi kwenye mashamba ya mpunga akisikiliza nani anasifiwa. Akisikia tu, huyo, anakwenda. Ndiyo maana makaburi mafupi yalikuwa mengi kuliko marefu, na wanawake walizaa wengi ili wabaki na wachache.

Mmoja wao, aliyeitwa Nyima, alizaa wanne, akazika wanne. Wa nne alisifiwa asubuhi, akafa kabla wageni hawajamaliza nyama.

Alipojifungua wa tano, wa kiume, alikikataa kinu. Siku ya nane alivaa gunia, akajipaka majivu, akawa anaokota makombo kwenye sahani za wageni na kuyatafuna kwa kelele. Kisha akaenda kumlaza mtoto juu ya takataka za uani.

"Umerukwa na akili, mke wa mwanangu?" mama mkwe wake alifoka. "Unatuaibisha mbele za watu!"

"Aibu haichimbiwi shimo, mama."

"Na huyo anaitwa nani?"

"Jalala."

Wageni walicheka hadi wakashika mbavu. Mauti, aliyekwisha kufika uani, akauliza kwa upole, kama mpita njia anayeomba maji: "Yule mtoto mzuri yuko wapi?"

"Mzuri hayupo hapa," Nyima akajibu. "Yupo huyu, ana sura ya kiazi kilichooza. Unamtaka? Mchukue, unipunguzie kazi."

Mauti akanyoosha mkono. Akapapasa maganda ya karanga, akapapasa kichwa kidogo kilichojaa majivu. Nyima alikuwa anacheka kwa sauti kubwa, kucha zimemzama viganjani. Mauti akaguna, akaenda zake nyumba ya pili, kulikokuwa na ngoma. Jioni walichimba huko.

Na kuanzia hapo mpaka leo, mwanamke wa nchi ile aliyezika wengi huvaa matambara, hujifanya kichekesho cha mtaa, na atakayemzaa humpa jina la kutupwa. Karani akija na daftari lake, humwambia hamna kitu humu.

Lakini hujauliza Nyima alibaki na nini. Jalala alikua, akaota ndevu, akawa mkulima hodari wa karanga. Siku moja alimletea mama yake doti ya kitambaa kipya, akapiga magoti.

"Mama, mimi mtu mzima sasa. Mauti ameshanisahau. Niite jina langu la kweli, mara moja tu, nilisikie."

Nyima alikuwa nalo. Alilibana kifuani miaka ishirini na minane, na sasa lilikuwa limemfika kwenye ulimi. Huko uani kulikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

"Kitambaa chenyewe kibaya," akasema. "Na wewe sikujui."

Jalala akainuka, akatoka nje, akaufunga mlango.