Kwa Nini Anayesukwa Huinamisha Kichwa

Tulia, Ng'washi, usitikise kichwa. Nanyi mnaosubiri zamu, nyamazeni niwaambie kwa nini kila nikianza kusuka huwainamisha shingo.

Zamani hakuna mwanamke aliyesukwa nywele. Kilichosukwa ni kamba ya kisima, nayo ilisukwa kwa kuchezwa kama ngoma. Nyuzi za gome zilifungwa kwenye ncha ya nguzo, kila mchezaji akashika wake. Watu wa mlimani walizunguka kwa kulia, wa bondeni kwa kushoto. Wakikutana, huyu huinama apite chini ya uzi wa mwenzake, na akikutana na wa pili, yeye huinamiwa. Msuko ukifika chini, nguzo ilichomolewa, kamba ikabaki.

Kisha pande hizo zikagombania nani atangulie kuteka maji. Ujinga mtupu! Mwaka mzima hawakucheza, kamba ya zamani ikaoza. Ilimkatikia Kalunde, binti wa bondeni aliyeolewa mlimani, alipokuwa akishuka kusafisha kisima.

"Mama!" alilia kutoka chini. "Nimeshikilia jiwe, mikono inachoka!"

Nguzo ikasimamishwa mbio mbio. Lakini nani ainame kwanza?

"Wainame wao, ndio waliotuanza," alisema Nyamizi, mama mkwe wa Kalunde.

"Mkwe mwenzangu, mimi kwako siinami," alijibu Milembe, mama mzazi.

Wakazunguka wima wote. Nyuzi zilijiviringa ovyo, wakaziteremsha hivyo hivyo. Kalunde alizishika, akavutwa hadi nusu, zikafumuka, akaanguka tena.

Hapo Milembe aliinama. Nyamizi naye akainama, huku analia, na wote wakafuata. Kamba ilitoka imara kuliko zote zilizowahi kuchezwa. Ikateremshwa kisimani. Hakuna aliyeishika.

Kalunde alipoopolewa, mama wale wawili walikaa, huyu upande huu wa kichwa chake, yule upande ule. Wakazisuka nywele zake zilizolowa kama walivyopaswa kucheza: chini, juu, chini. Mikono yao ilipokutana, mmoja alimpisha mwenzake. Inaniuma kila ninaposimulia.

Na tangu siku hiyo msuko hauanzi mpaka anayesukwa ainame kwanza, kama mchezaji wa kamba, na bibi harusi husukwa na mama yake pamoja na mama mkwe, hata kama hawasalimiani. Kalunde alisukwa asijue. Ninyi tunawasuka mkiwa hai, ili tuinamiane kungali na mtu wa kuishika kamba.