Migomba ya Bishubo Iliyogoma Kuugua

Ulimi wa Bishubo ulikuwa na digrii mbili, ingawa mwenyewe aliishia darasa la tano. Alikuwa na migomba thelathini tu, yote mizima. Ng'ambo ya mpaka wa shamba lake, ekari kumi za tajiri Rwechungura zilikuwa zimeshikwa na mnyauko, na ugonjwa ulibakiza hatua chache umfikie. Mara tatu Bishubo alimsihi tajiri aing'oe migomba yake migonjwa. Mara tatu akafunguliwa mbwa.

Siku moja tajiri akaja mwenyewe. "We kijana, hiyo aina yako isiyougua naitaka. Nipe machipukizi, ama nije na trekta niyachukue."

"Shikamoo mzee! Trekta ya nini? Chukua bure. Ila migomba hii ina maringo kama bi harusi. Ikinusa mgonjwa jirani, inasusa kuota."

"Sasa nifanyeje?"

"Ng'oa yako yote, ifukie, ardhi ipumzike miezi sita. Na mapanga uyapitishe motoni, inapenda usafi."

"Yote?"

"Ukibakiza hata mmoja, usinilaumu."

Rwechungura akang'oa mpaka visiki. Miezi sita ikapita, mnyauko ukatoweka kijijini, migomba thelathini ikabaki inacheza na upepo. Bishubo akapeleka machipukizi, kayafunga utepe kabisa.

Tajiri alipovuna mikungu yake ya kwanza, mizito ya kubebwa na watu wawili, akamwita. "Bishubo, aina hii uliitoa wapi?"

Bishubo alikuwa keshapanda baiskeli. "Shambani kwako, mzee! Ni ileile uliyoing'oa!"