Rangi Iliyowapandisha Watu Kilimani

Ninawaletea kisa cha watu watatu na picha moja. Msinitafutie mbaya wake, maana humu hamna mbaya. Sikilizeni tu, kisha mnijibu.

Huko kusini, kwenye tambarare za mpunga na kakao karibu na Ziwa Nyasa, kuna mto uitwao Lukwegu. Mto huo huanzia milimani. Mvua ikipiga kule juu, huku bondeni jua linaweza kuwa linawaka, watu wanaanika mpunga, na maji tayari yako njiani. Wakazi wa kitongoji cha Ipande walishazika ndugu zao kwa sababu hiyo. Mvua yao wenyewe waliijua na kuikimbia. Iliyowamaliza ni mvua ya wenzao, ile wasiyoiona.

Katika kata yenye kitongoji hicho waliishi watu watatu niliowataja.

Wa kwanza ni Tulinagwe, mwanamke mchora mabango. Kipawa chake kilikuwa jicho lisilokubali kudanganywa. Akiambiwa ukuta umenyooka, anakwenda kuutazama kwanza.

Wa pili ni Gwakisa. Alisomea kompyuta Mbeya, akarudi nyumbani, akakaa na mashine yake barazani kwa mama yake. Kipawa chake kilikuwa kuiambia mashine jambo kwa maneno machache, nayo ikatii.

Wa tatu ni Subilaga, muuguzi wa zahanati. Kipawa chake kilikuwa kuuliza swali na kusubiri jibu mpaka liishe. Si wengi wenye kipawa hicho.

Basi wataalamu wa maji wakafunga kipimo kwenye daraja lililoko kule juu milimani, kikawa kinatuma namba za kina cha mto kwenye mtandao. Lakini namba tupu inamwambia nini mtu aliyekaa Ipande? Kamati ya maafa ikasema: tunataka ramani kwenye simu. Kitongoji kilicho salama kiwe na rangi yake, kilicho hatarini kibadilike rangi chenyewe. Kazi ikaanza.

Tulinagwe ndiye aliyechora. Hakuchora kwa aina ya picha inayopigwa na kamera, ambayo ni nukta nyingi zilizobanana. Alichora kwa ile aina ambayo ndani yake ni maandishi: anzia hapa, kata kona pale, rudi ulipoanzia, jaza rangi. Kila umbo lina jina lake, na ukilikuza haliharibiki. Alipewa ramani ya zamani aifuate. Ramani hiyo ilionyesha Ipande na kitongoji jirani cha Ntebela vikiwa umbo moja, juu ya ardhi iliyoinuka. Tulinagwe hakuifuata. Alivua viatu akatembea kwenye majaruba ya mpunga, akiuliza kila mwenye shamba maji husimama wapi, akagundua kuwa Ipande imekaa ndani ya mkondo wa zamani wa mto, wakati Ntebela kweli iko juu. Kwa hiyo akavitenganisha. Ipande ikawa umbo peke yake, lenye jina lake.

"Unajisumbua," mwenzake mmoja wa kamati alimwambia. "Si majirani hao?"

"Ni majirani," alijibu, "ila maji hayawajui kama majirani."

Gwakisa akaipokea picha. Alipoiweka kwenye ukurasa kama watu wanavyoweka picha yoyote, ilionekana vizuri lakini rangi zikagoma kubadilika. Msimbo wake, yaani maagizo aliyoiandikia mashine, haukuweza kuingia ndani ya picha. Ilikuwa kama mtu anayetazama nyumba kwenye kalenda na kutaka kufungua dirisha lake. Akachukua maandishi yote ya ile picha akayaingiza ndani ya ukurasa wenyewe, ili msimbo uweze kuliita kila umbo kwa jina. Rangi bado zikagoma. Akachunguza, akakuta Tulinagwe amelipaka kila umbo rangi yake mahali hapohapo lilipoandikwa, na rangi hiyo ya ndani ilikuwa inaikataa ile inayoletwa kutoka nje. Akaziondoa rangi hizo, umbo moja baada ya jingine. Kisha kila umbo akalipa hali: salama, tahadhari, au hatari. Rangi za hali hizo tatu akaziandika mahali pamoja tu. Msimbo ukisoma kipimo cha daraja, unabadilisha hali ya kitongoji, na rangi inafuata. Halafu akaupunguza ukurasa wote uwe mwepesi, ufunguke hata kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, mtandao ukiwa wa kusuasua. Mama yake alikuwa akimletea chakula na kukikuta kimepoa alipokiacha.

Siku ya kuionyesha, kamati ilipiga makofi. Vitongoji vyote vilikuwa kijani. Gwakisa alijaribu kwa namba ya uongo, Ipande ikageuka nyekundu palepale. Wakasema kazi imekwisha.

Subilaga hakusema imekwisha. Aliichukua simu yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akiwaonyesha watu ile ramani iliyojaribiwa na kuwauliza wanaona nini. Wote walijibu kwamba Ipande ni nyekundu. Mwishowe akafika kwa Mzee Angolwisye, mpiga kengele wa kanisa, ambaye kamati ilimkabidhi jukumu la kuitazama ramani na kuwaamsha watu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, nesi. Karibu, keti."

"Naomba unionyeshe kitongoji chenye hatari hapa."

Mzee aliishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Ramani nzuri sana," akasema.

"Nzuri, baba. Lakini chenye hatari ni kipi?"

Mzee akakifuta kioo cha simu kwa kiganja. Subilaga akasubiri. Kuku walipita kati yao, wakaenda zao. Baadaye mzee akasema kwa sauti ya chini, "Binti yangu, hivi vyote ni rangi moja. Rangi ya majani makavu. Hata kakao siijui iliyoiva mpaka nigonge ganda kwa kidole nisikie. Vijana wananicheka kwamba nachuma mbichi kwa uzembe. Nawaacha wacheke. Nitawaambia nini? Na wewe nakuomba, yasitoke hapa."

"Hayatatoka, baba."

Akaenda moja kwa moja barazani kwa Gwakisa.

"Kaka, badilisha ile nyekundu. Na ile kijani."

"Kwa nini? Dunia nzima nyekundu ni hatari."

"Kuna watu macho yao hayaitofautishi na kijani. Wako wengi kuliko unavyodhani. Na mmoja wao ni mtu tunayemtegemea."

"Nani?"

"Siwezi kukwambia. Weka buluu iliyokolea kwenye hatari, na uichore mistari ya mshazari juu yake. Kwenye salama weka njano nyepesi, na tahadhari iwe buluu nyepesi isiyo na mistari."

"Buluu!" Gwakisa alicheka. "Buluu si rangi ya maji tu? Nani ataiogopa?"

"Kwani sisi tunaogopa nini hapa, kaka, kama si maji?"

Gwakisa aliacha kucheka. Alifungua msimbo, na kwa kuwa rangi zote alikuwa ameziweka mahali pamoja, alibadilisha maneno machache na kuongeza ile mistari. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Ramani nzima ikageuka. Subilaga akairudisha kwa mzee. Safari hii mzee hakuisogeza simu mbali wala karibu. Aliweka kidole juu ya Ipande akasema, "Hapa."

Msimu wa mavuno ukaingia.

Ikawa mchana mmoja, jua kali, mikeka imejaa mpunga. Mzee Angolwisye alikuwa anakula. Aliitupia jicho simu kama ilivyokuwa desturi yake, akaona Ntebela ni njano, na Ipande ni buluu yenye mistari. Aliinuka na vidole vikiwa na ugali, akakimbia kwenye kengele.

"Nani kafa?" watu waliulizana. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Lakini kila mwenye simu alipoifungua aliona kitu kilekile. Wakaanza kukimbilia kilimani, wakiwavuta watoto na mbuzi. Bibi mmoja, mama mkwe wa Tumpe, alikataa katakata. "Mvua iko wapi?" alisema. "Nionyesheni tone moja." Tumpe, ambaye alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote, alimwekea simu mbele ya macho. Bibi akaikodolea macho ile mistari, akasema, "Basi nifungieni kanga yangu ile mpya," akapandishwa kwenye bodaboda akinung'unika.

Maji yalifika wakiwa wote juu. Yalikuja kahawia, na sauti yake ilitangulia kabla hayajaonekana. Yalibeba mpunga, mikeka, kuta, mabati, na miti ya kakao iliyong'oka na mizizi. Watu wa Ipande walisimama wakatazama nyumba zao zikienda. Waliita majina, nyumba baada ya nyumba, na kila jina likaitikia. Hapo ndipo wengi walipoanza kulia.

Hawakurudi tena bondeni. Walijenga palepale kilimani, na nyumba zilipoezekwa, mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika mbali, akaitisha mkutano. Ajenda ilikuwa moja. Kitongoji kipya kiitwe nani? Jina la Ipande hawakulitaka tena. Walitaka liwe "Kwa" fulani, jina la mtu aliyewaokoa, ili watoto wakue wakilitaja bila hata kufikiri.

Mtu mmoja akasema, "Kuna haja gani ya kujadili? Kwa Angolwisye! Si ndiye aliyepiga kengele?"

Watu wakashangilia. Mzee Angolwisye akasimama, akavua kofia.

"Ndaga, nawashukuru. Lakini jina hilo halinifai. Ninyi mnanicheka kuhusu kakao. Sasa nawaambia: mimi sioni nyekundu. Sijaiona tangu nizaliwe. Nesi asingekuja kuniuliza, ramani ingebaki ile ya kwanza, na mchana ule ningemaliza ugali wangu, nikanawa, nikalala. Chagueni kati ya wale watatu walioitengeneza." Akaketi. Vijana waliokuwa wakimcheka waliangalia chini.

Mjadala ukawaka.

Waliokuwa upande wa Tulinagwe walisema, "Bila yeye, Ipande ingekuwa ndani ya umbo la Ntebela. Siku ile Ntebela ilikuwa njano. Tungekuwa njano pamoja nao, tukafa njano."

Wa upande wa Gwakisa wakajibu, "Umbo bila msimbo ni picha ya ukutani. Ingebaki na rangi yake ileile, maji yaje yasije. Aliyeifanya isikie mto ni nani?"

"Na rangi ambayo mpiga kengele haioni inamwokoa nani?" wakauliza wa Subilaga.

"Lakini yeye alibadilisha maneno machache tu! Tena hata hakuyaandika mwenyewe!"

"Mlango nao ukifungwa unahitaji ufunguo mdogo tu. Mbona hamsemi ufunguo si kitu?"

Mtu akapendekeza majina yote matatu yaunganishwe. Mwenyekiti akakataa. "Mtoto akipotea sokoni akaulizwa kwao wapi, atamaliza kulitaja jina hilo kweli?" Watu wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Wale watatu wakaombwa waseme wenyewe. Wengi walidhani kila mmoja atamwachia mwenzake. Haikuwa hivyo.

Tulinagwe alisema, "Maisha yangu yote nimeandika majina ya watu wengine kwenye mabango. La kwangu sijawahi kuliandika popote. Mimi nalitaka."

Gwakisa alisema, "Niliporudi kutoka Mbeya mliniita mvivu wa barazani. Mama yangu aliyasikia hayo sokoni, akanyamaza. Ningependa asikie jambo jingine. Nami nalitaka."

Subilaga akasimama wa mwisho. "Nimepewa uhamisho," alisema. "Mwezi ujao sitakuwa hapa. Wenzangu wataendelea kuishi nanyi na mtawaamkia kila siku kwa majina yao. Mimi nitakachoacha nyuma ni hilo jina tu, kama mtanipa."

Tumpe alikuwa amekaa mbele, amempakata mtoto aliyezaliwa baada ya mafuriko, na mama mkwe wake akiwa kando yake. Mwenyekiti akawaambia watu wajiandae kunyoosha mikono. Akataja jina la kwanza, la pili, na la tatu, na kila mara akahesabu. Mikono ikawa sawa kwa wote watatu. Amebaki mtu mmoja ambaye hakunyoosha mkono popote.

Mtu huyo ni wewe uliyesikiliza. Wa kuchagua ni hawa: aliyeona Ipande ni mahali peke yake. Aliyeifanya picha iusikie mto. Au aliyeuliza jicho la mwingine linaona nini. Haya, nyoosha mkono: kile kitongoji cha kilimani kiitwe "Kwa" nani?