Redio Iliyozoea Makofi

Ufa haubishi hodi. Huanza mwembamba, mwenye nyumba akajisemea ataukandika kesho, na kesho hiyo haifiki mpaka ukuta umlalie kifuani. Onyancha, fundi wa redio pale Magunga, aliijua methali ya ufa na ukuta tangu shuleni, lakini kujua ni kitu kimoja na kutenda ni kingine.

Mwaka 1996, Sista Edith, muuguzi wa zahanati ya misheni, alimletea nyumbani redio koli waliyotumia kuita gari la wagonjwa kutoka Homa Bay. Ilikuwa ikikatikakatika. Onyancha aliifungua, akaiinamia kwa kioo cha kukuzia, akauona ugonjwa wake. Kipande kimoja, kidogo kama punje ya wimbi, kilikuwa na ufa katika risasi ya kulehemu iliyokishikilia ubaoni. Vipande vya redio hizi mpya havikuwa na miguu ya kupenya ubao. Vilibandikwa juu juu, na moto ukizidi kidogo tu huungua au kung'oka na shaba yake. Onyancha, aliyezoea redio za zamani, aliingiwa na woga.

"Sista, igonge tu hapa ubavuni. Itaongea," alisema, akaifunga.

"Ala! Umeshindwa na kidude hicho?" mkewe Bochaberi alimtania, mkono juu ya tumbo. Ilikuwa mimba yao ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja.

"Sijashindwa. Nitakilehemu siku nyingine."

Basi redio ikawa ya makofi. Ikinyamaza, inazabwa, ikizabwa, inaongea. Sista alizoea, mlinzi akazoea, hata wagonjwa wakawa wanacheka. Hakuna aliyewaza kwamba kila kofi lilikuwa likiupanua ule ufa.

Asubuhi ya Sabato moja, uchungu ulimshika Bochaberi, na damu ikamtoka kupita kiasi. Alikimbizwa zahanati. Sista Edith aliizaba redio kofi, akaizaba tena. Kimya.

"Fundi, huyu anahitaji upasuaji! Bila gari tutampoteza!"

Onyancha alitimua mbio hadi nyumbani, redio kifuani. Alipoifungua, alikuta punje imeng'oka kabisa, na utepe wa shaba umechanika nayo. Alichochea jiko, akatia chuma cha kulehemu motoni. Alipoibana punje kwa kibano, ikaruka, ikapotea sakafuni.

"Mungu wangu, si leo!"

Alipiga magoti, akapapasa udongo kwa kidole alicholowesha mate, huku akilia waziwazi, mpaka punje ikamnata. Akaiunga kwa uzi wa waya mwembamba, akazuia pumzi, akagusa kwa chuma na kukiondoa upesi. Kisha akarudi mbio.

"Homa Bay, mnanisikia?" Sista aliita.

"Tunakusikia," sauti ikajibu.

Gari lilikuja, likamwahi Bochaberi. Mtoto hakuwahiwa.

Aliporudi nyumbani, Bochaberi aliketi akiitazama meza ya kazi ya mumewe. Hatimaye akauliza, "Siku ile ya kwanza, kabla ya makofi, ingekuwa kazi kubwa?"

Onyancha alitamani kusema uongo, akashindwa.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa ndogo."

Bochaberi alijifunika leso usoni. Wahenga walikwisha kumwambia Onyancha zamani: usipoziba ufa, utajenga ukuta.